Baba aliniachia gitaa, kisanji na ngoma. Sasa nahamia Ubelgiji

Jambo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, naishi Katuba, hapa Lubumbashi. Mwishoni mwa mwaka huu nahamia Liège kumfuata bwana yangu. Viza imetoka, tiketi ndiyo tunatafuta. Kinachoninyima usingizi ni vyombo vitatu vya marehemu baba.

Cha kwanza ni gitaa. Baba alilinunua miaka ya 60 kwa mzungu wa Union Minière, kampuni ya migodi, aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Ukichungulia kwenye tundu unaona kikaratasi kilichofifia, jina la mtengenezaji halisomeki tena, ila neno Germany bado lipo. Mgongo na mbavu zake ni mti wa rangi ya kahawia iliyoiva, wenye mistari myeusi. Fundi mmoja wa commune ya Kenya, hapa hapa mjini, aliligeuza mara mbili tatu, akalinusa, akasema, "Hii ni palisanda ya Brazil, usiliuze bila kuniambia." Chini ya daraja, kile kipande cha mti kinachoshika nyuzi, kuna mpasuko mwembamba. Kila Agosti, baridi na ukavu vikizidi, unafunguka hadi ukucha unaingia. Mvua zikikolea unajifunga wenyewe.

Cha pili ni kisanji cha babu, kile chombo kidogo kinachopigwa kwa vidole gumba, vyuma vyake vimefuliwa kutoka spoku za baiskeli. Cha tatu ni ngoma ndefu yenye ngozi ya kenge, mti wake mwekundu na mzito. Wazee wanasema ni mukula. Ngoma hiyo ndiyo inayopigwa kwenye vilio vya ukoo wetu.

Baba alinifundisha gitaa nikiwa mdogo, na kabla hajafa alimwambia mama, nikiwa nimekaa pale: "Gitaa ni la huyu." Vile vingine hakuvitaja.

Kilio kilipoisha, Baba mdogo alisimama katikati ya lupango, uwanja wa nyumba yetu, akasema mtoto wa kike akiolewa akavuka maji, anachobeba kinakuwa cha kwa bwana yake. Halafu akaniangalia: "Na siku nikifa mimi, mtanililia kwa redio?" Watu walicheka, yeye hakucheka.

Mdogo wangu wa kiume analipiga gitaa hilo kanisani, na Jumamosi kwenye terasi moja ya Kamalondo, huko anapata kidogo cha kununulia unga. Analibeba ndani ya mfuko wa plastiki, katikati ya watu kwenye taksi-basi. Nimegomba, anajibu, "Nenda nalo, yaya. Ila mimi nitapiga nini?"

Bwana yangu anasema tuingize vyote kwenye kontena la rafiki yake anayehamisha nyumba nzima. Seremala atatupigia masanduku ya mbao. Binamu yangu wa Brussels anasema kontena ni kaburi la gitaa, tutume kama mzigo wa ndege, au tumpe mtu anayesafiri tumlipe kwa kilo. Mama hasemi kitu. Kila jioni analifunika gitaa kwa kitenge, basi.

Nifanye nini vifike salama? Na je, ninakosea kuvibeba? Usiku mwingine nawaza niache vyote, nikanunue gitaa jipya kule.

Binti wa Katuba

*

Mwanangu,

Pole kwa msiba, na asante kwa kuandika kwa urefu. Maswali yako ni mawili. Moja ni la fundi na duane, watu wa forodha: vitu vya mbao na ngozi vinasafirishwaje bila kuvunjika wala kunyang'anywa. La pili ni la ukoo: nani ana haki ya kuviondoa. Wewe umeyachanganya, na wanaokushauri wameyachanganya pia, ndiyo maana kila jibu unalopewa linakuja na "vyote". Kontena vyote, ndege vyote, acha vyote. Lakini ukiisoma tena barua yako utaona vitu hivi vitatu havina shida moja.

Nianze na Baba mdogo, kwa sababu naona maneno yake ndiyo yanayokuuma. Umeniandikia alichosema, na ndani yake sikuona gitaa. Niliona mzee anayeuliza siku yake ikifika atazikwaje. Gitaa halipigwi kwenye vilio vyenu, ngoma ndiyo inayopigwa. Inawezekana anavitaka vyote vitatu, simjui. Inawezekana pia hajali kabisa gitaa linakwenda wapi, mradi ngoma ibaki lupangoni. Je, umewahi kumuuliza mkiwa wawili, bila mkutano? Mtu aliyesema neno zito mbele ya kilio hawezi kulirudisha mbele ya kilio kingine, lakini pembeni, kwa heshima, wengi hulegea. Na ujiulize wewe: ngoma unaitaka kwa ajili gani? Barua yako inasema nani alikufundisha gitaa, ila haisemi kama uliwahi kuipiga ngoma hiyo.

Nasema hivi pia kwa sababu ngoma ndiyo mzigo mgumu kuliko yote kwenye karatasi. Kenge yumo Kiambatisho cha Pili cha CITES, ule mkataba wa 1973 unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ngozi yake ikivuka mpaka bila kibali, afisa wa Ulaya ana haki ya kuichukua, na hataichuna aibakize ngoma, atachukua ngoma nzima. Mukula nao umo Kiambatisho cha Pili tangu 2019. Wewe ni mtu wa Haut-Katanga, huhitaji nikueleze magogo yalivyokuwa yanapita mpakani Kasumbalesa. Sheria hiyo ililenga magogo na mbao zaidi ya ngoma iliyokwisha kuchongwa, lakini anayeona mti mwekundu kwenye skana anaweza kukusimamisha kwanza, maelezo baadaye. Halafu kuna sheria yetu ya 1971 ya kulinda mali ya utamaduni. Ngoma ya ukoo yenye umri, na hata kisanji cha babu, nakushauri uvipeleke Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi waviangalie, wakueleze vinahitaji karatasi gani kabla ya kutoka nchini.

Wapo wanaotoa ngozi, wakasafiri na gogo tupu, wakaja kuwamba ngozi ya mbuzi huko waendako. Hapo shida ya kenge inaondoka. Kama ngoma itakuwa ile ile, hilo ni la ukoo wenu kujibu, mimi siwezi.

Sasa gitaa. Kila kitu kinategemea jambo ambalo bado hulijui: ule mti ni mti gani hasa. Palisanda ya Brazil iko Kiambatisho cha Kwanza tangu 1992, daraja moja na pembe za ndovu. Palisanda nyingine, ya India kwa mfano, ziliingizwa Kiambatisho cha Pili Januari 2017, wapiga gitaa dunia nzima wakahangaika, mpaka Novemba 2019 ala zilizokamilika za miti hiyo zikaondolewa masharti. Ya Brazil haikuondolewa. Kwa hiyo tofauti ya mti mmoja na mwingine ndiyo tofauti ya kupita bila swali na kupoteza gitaa la baba kwenye meza ya uwanja wa ndege.

Fundi wako wa Kenya alinusa, na mafundi wazuri hunusa kweli, palisanda ina harufu yake. Lakini pua haiandiki cheti. Pia fundi aliyekuambia "usiliuze bila kuniambia" ana hamu yake mwenyewe. Simlaumu, nasema tu utafute jicho la pili. Piga picha za mgongo kwa karibu, mchana, pamoja na kile kikaratasi cha ndani, umpe bwana yako azipeleke kwa mtengenezaji wa magitaa huko Ubelgiji. Ikionekana ni ya Brazil kweli, hujafungiwa mlango: gitaa lililotengenezwa kabla ya 1992 linaweza kuombewa cheti kinachothibitisha umri wake. Kwetu vibali vya CITES vinashughulikiwa na ICCN, taasisi ya Kongo ya kuhifadhi maliasili. Kwa mti wa Kiambatisho cha Kwanza, Ubelgiji nao wanataka kibali chao kabla mzigo haujaondoka, kwa hiyo bwana yako ana kazi upande wake. Kazi hiyo haifanywi wiki ya safari.

Kuhusu njia, bwana yako na binamu yako wote wana ukweli nusu. Kontena ni rahisi kwa masufuria na nguo. Kwa gitaa, fikiria barabara yenyewe: foleni ya Kasumbalesa, kisha Dar es Salaam au Durban, kisha bahari hadi Antwerp. Sanduku la chuma lililokaa juani linapita nyuzi joto 50 ndani bila shida, usiku linapoa, mvuke unageuka matone darini na kudondoka. Magitaa ya zamani mara nyingi yaliunganishwa kwa gundi ya kuchemsha ngozi na mifupa, nayo hulegea kwa joto na unyevu. Daraja linaweza kung'oka lenyewe bila mtu kuligusa, na mpasuko wako wa Agosti usijifunge tena.

Na yale masanduku ya seremala, mwanangu, yasimamishe kwanza. Mbao nzima za kufungia mizigo ya nje zina kanuni yake, ISPM 15: kwa kawaida hupashwa moto hadi kiini cha ubao kifike nyuzi 56 kwa dakika 30, kisha lazima zigongwe muhuri wenye suke la ngano. Mbao za soko la Katuba hazina muhuri huo, na mzigo unaweza kuzuiwa bandarini kwa sababu ya sanduku tu. Plaiwudi haimo kwenye masharti hayo. Mwambie seremala atumie plaiwudi tupu, hata vile vipande vya pembeni vya kukazia.

Ndege inapunguza siku, ila haipunguzi mikono. Kwa Mkataba wa Montreal, ule wa usafiri wa ndege, fidia ya mzigo wa abiria ina kikomo: SDR 1,519 kwa kila abiria tangu mwisho wa Desemba 2024. SDR ni fedha ya hesabu ya IMF. Kiasi hicho ni kama dola elfu mbili kwa mizigo yako yote. Ukilituma kama kargo, kikomo ni SDR 26 kwa kilo. Gitaa na kasha lake wakipima kilo tano, ni SDR 130, hazifiki dola 200. Shirika linaweza kulivunja vipande, likakulipa hizo, na likawa limetimiza sheria. Unaweza kutangaza thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo na kulipia nyongeza. Ama kata bima ya pembeni, lakini soma maandishi madogo: kampuni nyingi hazilipi uvunjikaji kama umefungasha mwenyewe, wala uharibifu wa unyevu na joto. Zitataka pia karatasi ya fundi inayotaja thamani na hali ya gitaa kabla ya safari, na mpasuko ule uandikwe humo, usifichwe.

Kumpa msafiri alipwe kwa kilo, hapo naogopa waziwazi. Ulaya inamsamehe ushuru mtu anayehamia: awe ameishi nje ya Umoja wa Ulaya miezi 12, vitu viwe vyake kwa miezi sita angalau, aviingize ndani ya mwaka tangu kuhamia, na asiviuze kwa miezi 12. Msamaha huo ni wako wewe unayehama. Kibali cha CITES nacho kinatoka kwa jina la mtu. Gitaa likiwa mkononi mwa jirani wa binamu, karatasi zote hizo zinakuwa za mtu mwingine.

Inabaki kusafiri nalo mwenyewe. Gitaa halitoshi kwenye kipimo cha kawaida cha mzigo wa mkononi. Kuna mashirika yanayoliruhusu kabatini kama kuna nafasi, mengine yanakuuzia kiti chake, mengine yanakataa getini hata kama ofisini walikubali. Uliza kwa maandishi kabla ya kununua tiketi, na uchapishe jibu. Kwenye simu kila mtu ni mwema. Ukibadilisha ndege njiani, jibu liwe la safari zote mbili.

Hata likienda chini, kufunga vizuri kunaokoa mengi. Legeza nyuzi, usizitoe zote: shingo imezoea mvuto, sauti mbili tatu chini zatosha. Tandika kitambaa laini kati ya nyuzi na ubao wa vidole. Kisha tumia muda mrefu kukinga kichwa cha gitaa, hapo ndipo magitaa huvunjika. Kasha likianguka, shingo inasimama na kasha, lakini kichwa kilichobeba funguo za chuma kinataka kuendelea na safari, na mti unapasuka pale pembamba. Jaza nguo nyuma ya kichwa, chini yake na pembeni, ukitikisa kasha usisikie kitu kikicheza. Kasha liwe gumu, na liingie ndani ya katoni yenye karatasi zilizofinyangwa pande zote. Likifika, lisifunguliwe siku hiyo hiyo; liache lizoee chumba mpaka kesho yake.

Kisanji sikitafutii maneno mengi. Makumbusho wakikiruhusu, kifungie ndani ya sweta na ukibebe mkobani. Watu wa usalama watauliza vile vyuma, wapigie kidogo.

Umeandika kama vile Lubumbashi ndiyo hatari na Liège ndiyo usalama. Sina hakika. Gitaa linapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kiangazi chetu kinalikausha, lakini mvua hulirudishia. Nyumba ya Ulaya wakati wa baridi inawashwa radieta mchana na usiku, unyevu unashuka hadi 30 au chini, na hakuna mvua inayoingia sebuleni. Mpasuko unaofunguka Agosti hapa unaweza kukaa wazi miezi mitano kule. Kipima unyevu ni bei ndogo. Chombo cha unyevu ndani ya kasha nacho hakigharimu sana. Lakini lazima uwe mtu wa kuvikumbuka, katikati ya kazi, lugha mpya na baridi.

Upande wa pili, mdogo wako na mfuko wake wa plastiki. Nimekuelewa, moyo unashtuka. Ila gitaa hilo linapigwa kila wiki, na pengine ndiyo sababu mama analifunika na haongei. Je, una hakika mdogo wako hawezi kulitunza, au hajapewa kasha? Ukiliacha kwake kwa mapatano, hatari ni kweli: siku ya njaa linaweza kuuzwa, na maneno ya baba yalikuwa kwako. Ukienda nalo bila kumpa kitu mkononi, umemkata riziki ya Jumamosi, na hilo litasemwa kila utakapopiga simu nyumbani. Kati ya hayo kuna njia nyingine: uende nalo na umnunulie gitaa la kazi kabla hujaondoka, au libaki mwaka mmoja, wewe ukaone kwanza nyumba ya Liège ikoje, ulifuate ukirudi likizo. Ukichagua la pili, angalia ule mwaka wa msamaha wa ushuru, unaohesabiwa tangu kuhamia, usikupite.

Lile wazo la usiku, la kuacha vyote na kununua jipya, nalo si upuuzi. Swali langu ni hili: linakuja kwa sababu gitaa halina maana kwako, au kwa sababu umechoka kugombana? Ni wewe tu unayejua.

Jambo moja lifanyike popote vitakapokwenda: virekodi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda kule Jadotville, Likasi ya leo, ndiyo maana vidole vile vinasikika mpaka sasa kwa watu ambao hawakuzaliwa wakati ule. Wewe una simu. Mwombe Baba mdogo aipige ngoma, uketi karibu, umwache aeleze mdundo upi ni wa kilio cha nani. Mdogo wako apige zile nyimbo za baba anazozijua yeye na wewe huzijui. Nadhani kikao hicho kinaweza kuwa pia nafasi ya kumuuliza mzee lile la gitaa.

Mwezi huu nenda kwa fundi, ICCN na makumbusho, kabla hata ya kulinganisha bei za ndege. Karatasi ya fundi ikitoka, piga kopi: moja ya duane, moja ya bima, na moja mwachie Baba mdogo, yenye jina lako na la marehemu.